Mtoto aliye tumboni ni "mtu" kisheria? Georgia, Texas na Alabama hazisemi kitu kimoja

SomoLaJioni anauliza:

Wakuu, habari zenu. Naandaa somo la saa moja na nusu kwa familia zilizofika Marekani karibuni, wengi ni Wakongo na Warundi waliopangiwa Georgia na Texas, wachache Alabama. Sehemu ya afya ya uzazi ndiyo inayonikwaza. Maswali yanayorudi ni haya: mtoto akiwa bado tumboni, sheria inamhesabu mtu au la? Mimba ikitoka yenyewe, mama anaweza kushtakiwa? Ni kweli kwamba Georgia unamwandika kwenye kodi kabla hajazaliwa? Na mtu akimpeleka ndugu yake jimbo jingine kwa gari, ametenda kosa?

Mitandaoni kila mtu ana lake. Mmoja anadai Mahakama ya Juu mwaka 2022 ilitangaza kwamba uhai unaanza mimba inapotungwa, mwingine anadai ilitangaza kinyume. Mjadala wa dini na siasa tuuache kwa leo. Nataka sheria ilivyoandikwa na inavyofanya kazi. Mwenye vifungu ashushe.

---

KifunguKwaKifungu anajibu:

Hao wawili wa mitandaoni wote wamepotoka. Hukumu ya Dobbs ya tarehe 24 Juni 2022, iliyotokana na sheria ya Mississippi iliyokataza kutoa mimba baada ya wiki 15, haikusema mtoto aliye tumboni ni mtu wala kwamba si mtu. Ilisema Katiba ya Marekani haina haki ya kutoa mimba, basi suala lirudi kwa wananchi na wawakilishi wao. Iliyowahi kugusa neno "mtu" ni Roe ya 1973, hukumu ya mahakama hiyohiyo iliyotambua haki ya kutoa mimba: ilisema neno hilo katika Marekebisho ya 14 ya Katiba halimhusu ambaye hajazaliwa. Roe ikafutwa, na Dobbs haikuweka jibu jingine mahali pake. Kila jimbo likajaza lenyewe.

Kwa hiyo darasani usianze na "ni mtu au si mtu". Anza na "kwa sheria ipi?" Mimba ileile, siku ileile, jimbo lilelile, inaweza kuhesabiwa mtu kwenye sheria ya mauaji, isihesabiwe kwenye sheria ya barabarani, na kwenye fidia ikawa na kanuni yake peke yake. Mabunge hayakuandika fasili moja ya kutumika kote, na pale yalipojaribu yaliweka masharti chungu nzima.

Mfano ulio wazi ni sheria za mauaji. Serikali kuu ina sheria ya 2004 inayosema ukimjeruhi mjamzito katika kutenda kosa la serikali kuu na mtoto akafa tumboni, hilo ni kosa la pili linalojitegemea. Sheria hiyohiyo inawatoa mama mwenyewe na anayetoa mimba kwa ridhaa ya mama. Majimbo mengi yana sheria ya namna hiyo, hata baadhi ya yale yanayoruhusu kutoa mimba. California iliongeza kijusi kwenye kifungu cha mauaji mwaka 1970, baada ya mahakama yake kuu kusema kifungu cha zamani hakikumhusu, na kifungu hicho nacho kinatenga utoaji mimba wa hiari ya mama. Mtu akisoma gazeti kwamba fulani kashtakiwa kwa mauaji ya watu wawili kwa kumuua mjamzito, asidhani basi jimbo hilo limepiga marufuku kutoa mimba. Ni milango miwili tofauti.

Tena kuna tamko na kuna amri. Missouri iliandika mwaka 1986 kwamba uhai wa kila binadamu unaanza mimba inapotungwa. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu mwaka 1989, mahakama ilikataa kulibatilisha tamko hilo kwa kuwa lenyewe halikumkataza mtu kitu. Maneno mazito yanayowekwa mwanzo wa sheria mara nyingi hayana meno, meno yako vifungu vya ndani.

Ukishika sheria yoyote ya namna hii, isome kwa mpangilio huu: fasili ya "mtoto ambaye hajazaliwa", fasili ya "kutoa mimba", hali zinazosamehewa, kisha nani anaadhibiwa. Watu huruka moja kwa moja kwenye adhabu na hapo ndipo wanapopotea, kwa sababu mambo mengi yanayowatisha yalishatolewa kwenye fasili.

---

MhasibuWaDecatur anajibu:

Nichukue Georgia, kwa kuwa ndiyo iliyokwenda mbali zaidi upande wa fedha.

Sheria ni HB 481 ya mwaka 2019 (HB na SB ni namba za miswada ya bunge la jimbo). Ilianza kutumika tarehe 20 Julai 2022. Jaji wa kaunti ya Fulton, Atlanta, ameibatilisha mara mbili, 2022 na 2024, na mara zote mbili Mahakama ya Juu ya Georgia imeirudisha kazini haraka. Inasema "mtu wa asili" ni pamoja na mtoto ambaye hajazaliwa, katika hatua yoyote ya ukuaji, *aliyebebwa ndani ya tumbo la uzazi*. Maneno hayo ya mwisho yapigie mstari: kiinitete (mimba changa kabisa iliyotungwa maabara) kilicho kwenye friji ya kliniki hakimo.

Ila haki za fedha hazianzi siku ya mimba kutungwa. Zinaanza yanapoonekana mapigo ya moyo, kwa kawaida karibu wiki ya 6 ukihesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Kuanzia hapo:

Kodi ya jimbo. Mtoto anaandikwa kama tegemezi kwenye fomu ya Georgia. Mwaka wa kodi 2022 punguzo lilikuwa dola 3,000 kwa kila mtoto, kuanzia mwaka wa kodi 2024 ni dola 4,000. Hapa watu wanajidanganya sana: hizo si pesa unazopewa mkononi. Ni kipato kisichotozwa. Kwa kiwango cha asilimia 5.39 cha mwaka 2024, dola 4,000 zinakuokolea kama dola 215. Mapacha, zidisha kwa mbili. Fomu hupeleki na karatasi ya hospitali, lakini idara ya mapato inaweza kuidai baadaye, kwa hiyo majibu ya ultrasaundi yenye tarehe yawekwe pamoja na nakala ya fomu.

Kodi ya serikali kuu. Hapo hapana. Tegemezi wa serikali kuu lazima awe amezaliwa hai ndani ya mwaka huo, hata kama aliishi dakika chache. Aliyezaliwa mfu hahesabiwi. Kosa ninaloliona kwenye fomu ni mtu kujaza upande wa jimbo, programu ikamhamishia tegemezi upande wa serikali kuu, fomu ikakataliwa kwa sababu mtoto hana namba ya hifadhi ya jamii. Namba hiyo haitolewi kabla ya kuzaliwa. Tegemezi huyo ajazwe upande wa Georgia pekee.

Matunzo. Mahakama inaweza kumwamuru baba achangie kabla ya mtoto kuzaliwa, lakini kiwango cha juu ni gharama halisi za matibabu na za ujauzito za mama. Si matunzo kamili ya kila mwezi kama ya mtoto aliyezaliwa. Risiti zitunzwe.

Kuhusu kutoa mimba kwenyewe: baada ya mapigo ya moyo ni marufuku isipokuwa dharura ya kitabibu, mimba isiyo na uwezekano wa kuishi, au ubakaji na zinaa ya maharimu hadi wiki ya 20, na kwa hili la mwisho lazima kuwe na ripoti ya polisi. Bila ripoti, msamaha huo haupo. Dharura inahesabiwa ya mwili tu, hali ya akili imetengwa kwa maandishi. Adhabu ni mwaka 1 hadi 10.

---

BintiMrima_HTX anajibu:

Texas ni mkeka uliosukwa kwa ukindu wa miaka tofauti, ndiyo maana unawachanganya hata mawakili.

Tangu 2003 kanuni ya adhabu ya Texas inasema "mtu binafsi" ni pamoja na mtoto ambaye hajazaliwa, kuanzia kurutubishwa hadi kuzaliwa. Lakini sura ya mauaji ina kifungu kinachosema haimhusu mama wa mtoto huyo. Mwaka 2022, kaunti ya Starr mpakani, mwanamke alikamatwa kwa shtaka la mauaji kuhusiana na mimba yake. Siku chache baadaye mwendesha mashtaka akalifuta, kwa sababu kifungu hicho kilikuwepo muda wote. Alishalala mahabusu lakini. Hiyo ndiyo shida: sheria inaweza kukulinda, na bado polisi wa kwanza kufika hajaisoma.

Juu yake ikaja SB 8 ya Septemba 2021, ya kesi za madai: mtu yeyote raia anaweza kumshtaki aliyetoa mimba au aliyesaidia, na fidia haipungui dola 10,000. Mama mwenyewe hashtakiwi. Juu yake tena marufuku kamili, iliyoanza tarehe 25 Agosti 2022: mimba ikitolewa na mtoto akafa ni kosa la jinai la daraja la kwanza, yaani miaka 5 hadi 99 au maisha, faini ya madai isiyopungua dola 100,000, na leseni ya daktari kwisha. Hakuna msamaha wa ubakaji. Na hapa pia imeandikwa kwamba mama aliyetolewa mimba haadhibiwi kwa sheria hiyo.

Sasa tazama fasili. Kumtoa mtoto aliyekwishakufa kwa mimba kuharibika yenyewe si "kutoa mimba" Texas. Kutoa mimba iliyotunga nje ya kizazi si "kutoa mimba". Hilo lifundishwe kwa sauti, maana wapo wanaokaa nyumbani wanavuja damu kwa kuogopa kwamba kusafishwa kizazi ni jinai. Mimba ya mrija ikipasuka, damu inamwagikia tumboni na mama anaweza kupotea kwa saa chache. Dalili ni maumivu makali upande mmoja, kizunguzungu, maumivu yanayopanda begani. Hapo ni 911, namba ya dharura, hakuna cha kuuliza sheria.

Penye ugumu wa kweli ni hali ya katikati: chupa ya uzazi imepasuka wiki ya 17 na moyo wa mtoto bado unapiga. Sheria inaruhusu kama hali ya mama inamweka kwenye hatari ya kifo au ya kuharibika kazi kubwa ya mwili, kwa uamuzi wa kitabibu wa daktari. Hospitali nyingi zilisubiri mpaka homa na maambukizi yaonekane. Tarehe 31 Mei 2024 Mahakama ya Juu ya Texas ilisema hatari si lazima iwe ya papo hapo, na Juni 2025 hilo likaandikwa kwenye sheria kwa SB 31. Mama au msindikizaji akiwa kwenye hali hiyo aseme hivi kwa daktari: "Andika kwenye faili hatari unayoiona kwa mama sasa, na sababu ya kusubiri." Ombi hilo husogeza mambo, kwa kuwa uamuzi wa daktari ndio mhimili wa sheria yote.

Kwa kuchekesha kidogo: mwaka huohuo wa 2022, karibu na Dallas, mjamzito aliyekuwa peke yake garini alipigwa faini kwenye njia ya magari yenye abiria wawili na zaidi, akajitetea kwamba wako wawili. Fasili ya 2003 imo kwenye kanuni ya adhabu. Kanuni ya usafiri haina. Mfano huo unaeleza swali lako la kwanza kuliko mihadhara.

---

SomoLaJioni:

Asanteni sana, hasa hilo la fasili. Dada BintiMrima, nimeambiwa Texas ina bima inayomhesabu mtoto wa tumboni hata kama mama hana hati. Ni kweli? Na Alabama nani anaijua?

---

BintiMrima_HTX:

Ni kweli, inaitwa CHIP Perinatal. Kanuni ya serikali kuu ya 2002 iliruhusu majimbo kumhesabu "mtoto" tangu mimba inapotungwa kwa ajili ya CHIP, bima ya afya ya serikali kwa watoto wa familia zenye kipato kidogo. Anayekatiwa bima ni mtoto, mama anapata kliniki kwa mgongo wake. Kwa hiyo hati za uhamiaji za mama haziulizwi kama kigezo. Texas inatoa hadi ziara 20 za kliniki kabla ya kujifungua, vitamini na vipimo, na ziara 2 za mama baada ya kujifungua. Hakuna ada ya kujiunga. Maombi ni kwa simu 2-1-1 au tovuti ya jimbo ya misaada.

Yanayokwama: bima hii haimlipii mama ugonjwa usiohusu ujauzito. Jino likiuma, hapana. Na familia yenye kipato kidogo, gharama za kujifungua zinapitia Medicaid ya dharura (Medicaid ni bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo), fomu nyingine kabisa ambayo hospitali inabidi ijaze sehemu yake. Isipojazwa, bili inakuja nyumbani. Waulizwe kabla ya kutoka wodini.

Liangalie hili kwa wanafunzi wako: sheria ya Julai 2025 inawaondoa wakimbizi wasiokuwa na kadi ya kijani kwenye Medicaid ya kawaida kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026. Mjamzito atakayeguswa na hilo aulize CHIP Perinatal mapema, asingoje miezi ya mwisho.

---

Wakili_asiye_wenu anajibu:

Alabama. (Jina langu ni onyo: haya ni maelezo ya jumla, kesi yako mpelekee wakili wa jimbo lako.)

Marufuku yake ni ya 2019, ilianza kutumika Juni 2022. Anayetoa mimba anakabiliwa na miaka 10 hadi 99 au maisha, mama hashtakiwi kwa sheria hiyo, msamaha ni hatari kubwa ya kiafya kwa mama, ubakaji haumo. Hapo haipishani sana na Texas.

Inapotofautiana ni viinitete. Tarehe 16 Februari 2024 Mahakama ya Juu ya Alabama iliamua kwamba viinitete vilivyogandishwa ni "watoto" kwa ajili ya sheria ya fidia ya kifo cha mtoto, sheria ya mwaka 1872. Chanzo: mgonjwa aliingia chumba cha kuhifadhia cha kliniki moja mjini Mobile, akashika chombo, baridi ikamuunguza mkono, akaviangusha. Wazazi wakadai fidia kama ya mtoto aliyekufa. Mahakama ikasema sheria hiyo haina ubaguzi kwa mtoto aliye nje ya tumbo la uzazi. Mtambue ilichoamua: fidia ya madai. Haikusema kuviharibu ni mauaji ya jinai. Hata hivyo kliniki kubwa zilisimamisha huduma ndani ya siku chache, kwani hakuna mwenye bima ya kulipia kila kiinitete kama mtoto. Tarehe 6 Machi 2024 bunge likapitisha kinga kwa watoa huduma na wapokeaji wa upandikizaji mimba. Angalia ujanja: halikugusa swali la hadhi. Kiinitete bado ni mtoto kwa hukumu ile, kliniki tu ndiyo haishtakiki.

Jambo zito zaidi kwa mama wa kawaida Alabama ni sheria ya 2006 ya kumhatarisha mtoto kwa kemikali. Iliandikwa kwa ajili ya watoto wanaokaa nyumba zinazopikwa dawa za kulevya. Mwaka 2013 mahakama kuu ya jimbo ikasema "mtoto" ni pamoja na aliye tumboni. Tangu hapo mama mjamzito aliyetumia dawa ya kulevya, bangi ikiwamo, anaweza kufungwa mwaka na siku moja hadi miaka 10 hata kama mtoto amezaliwa mzima, na zaidi kama amekufa. Mwaka 2016 waliongeza kinga kwa dawa ulizoandikiwa kihalali. Kwa hiyo kopo la dawa lenye jina la mama litunzwe, na asinywe dawa ya jirani au iliyotoka nyumbani isiyo na cheti.

---

Mla_Katiba254 anajibu:

Nikiwa Mombasa niongeze kidogo tu, kwa ajili ya wanafunzi wanaodhani mkanganyiko huu ni wa Wamarekani. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 26(2), inasema uhai wa mtu unaanza mimba inapotungwa. Ibara ndogo ya 4 inakataza kutoa mimba, isipokuwa mhudumu wa afya aliyefunzwa aone kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai ama afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine iruhusu. Kumbe kanuni ya adhabu, kifungu 214, inasema mtoto anakuwa mtu anayeweza kuuawa pale tu anapokwisha kutoka akiwa hai mwilini mwa mama yake. Kabla ya hapo kuna kosa lake pekee, kifungu 228. Sheria mbili za nchi moja, fasili mbili. Tofauti kubwa na Texas na Alabama: kifungu 159 kinamwadhibu mama mwenyewe, hadi miaka 7. Anayetoka Kenya anabeba hofu hiyo hadi Houston, ambako sheria haimwadhibu.

---

KifunguKwaKifungu:

Yamebaki mawili aliyouliza mwenye uzi.

Mimba kutoka yenyewe. Hakuna kati ya majimbo hayo matatu ambalo marufuku yake inafanya mimba kuharibika kuwa kosa. Kesi zinazotokea huingilia mlango wa nyuma, kwa sheria za maiti. Warren, Ohio, 2023: mwanamke alishtakiwa kwa kudhalilisha maiti baada ya mimba kumtoka akiwa chooni. Januari 2024 jopo la raia likakataa kumfungulia kesi. Tifton, Georgia, Machi 2025: mwingine alikamatwa kwa kuficha kifo na kutelekeza mwili. Uchunguzi ulionyesha mimba ilitoka yenyewe, mashtaka yakafutwa Aprili. Wote wawili kilichowaponza ni namna mabaki yalivyoshughulikiwa. Kwa hiyo ushauri wa darasani uwe huu: mimba ikitoka nyumbani na imekwishapita miezi mitatu hivi, usitupe kitu, piga simu hospitali uulize wao wanapokeaje. Ukiulizwa na daktari, jibu ya afya: damu imeanza lini, kiasi gani, homa ipo. Polisi akija wodini, mama ana haki ya kusema "nataka wakili kwanza", kwa lugha yake. Na kwa asiye raia, tangu hukumu ya 2010 wakili wa utetezi ana wajibu wa kumweleza athari za uhamiaji kabla hajakiri kosa. Asikiri ili tu arudi nyumbani leo.

Kusafiri. Mwanamke mtu mzima kwenda jimbo linaloruhusu si kosa. Jaji Kavanaugh wa Mahakama ya Juu ya Marekani aliliandika hilo kwenye maoni yake ya Dobbs, na tarehe 31 Machi 2025 jaji wa shirikisho Alabama aliamua kwamba jimbo haliwezi kuwashtaki wanaosaidia watu kusafiri. Texas kuna kaunti kama Lubbock zilizopitisha amri ndogo, Oktoba 2023, za kuruhusu kesi za madai kwa anayempitisha mtu kwenye barabara zao kwa nia hiyo. Amarillo wapiga kura waliikataa amri ya namna hiyo Novemba 2024. Uangalifu mkubwa ni kwa wasichana walio chini ya miaka 18: Idaho ina sheria ya 2023, kifungo cha miaka 2 hadi 5, kwa mtu mzima anayemsafirisha binti ndani ya jimbo kwa lengo hilo akiwaficha wazazi. Shangazi au mama mdogo si mzazi kwa sheria hiyo, hata kama kwetu ndiye aliyemlea. Asiye na karatasi za ulezi za mahakama azitafute kwanza.

Vidonge vya kutoa mimba vinavyotumwa kwa posta ni uzi mwingine. Kwa kifupi, tangu tarehe 4 Desemba 2025 Texas inaruhusu kesi ya kuanzia dola 100,000 dhidi ya anayevitengeneza au kuvisambaza kuingia jimboni. Anayevinywa hamo kwenye orodha ya kushtakiwa, lakini jirani anayempokelea bahasha awe makini.